Kabla ya Kununua Klaveti Nyingine

Baiskeli ya zamani ikianza kugonga, tak, kila mguu unaposhuka na pedali, watu wengi hapa Lubumbashi hufanya jambo lile lile. Wanaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, fundi anang'oa klaveti iliyolika, anapigilia mpya kwa nyundo, anakaza nati, wanalipana, wanaagana. Hazipiti wiki nyingi sauti imerudi, na wao wamerudi. Nimeona baiskeli za wabeba makala, yaani makaa ya kupikia, ambazo zimepigiliwa klaveti hata tundu la mkono wa pedali likapoteza uduara wake kabisa. Naandika haya nikiwa na hakika kwamba ugonjwa huu unatibika, na kwamba dawa yake mara nyingi si klaveti.

Tukubaliane kwanza juu ya majina, maana msomaji wa Mombasa au Dodoma ana ya kwake. Mkono unaobeba pedali sisi tunauita maniveli. Fimbo ya chuma inayopita ndani ya fremu na kuunganisha maniveli mbili ni ekseli. Klaveti ni pini fupi yenye ubavu mmoja uliochongwa mshazari. Inapenya kwenye maniveli, ubavu ule unalalia sehemu bapa ya ekseli, na hapo maniveli na ekseli vinashikana. Kila upande wa fremu kuna kikombe cha chuma kigumu, na kati ya kikombe na ekseli zinazunguka goroli. Duara la meno linalovuta cheni ni plato. Yote kwa pamoja, fundi wetu anasema pedaliye.

Baiskeli yangu ni ya ukoo mnaoujua: nyeusi, ndefu, breki za vyuma badala ya waya, magurudumu ya inchi 28. Ukoo huo ulianzia Uingereza, kwa watengenezaji kama Raleigh wa Nottingham, kisha ukaendelezwa India na China: Hero ya Ludhiana, Phoenix ya Shanghai, Flying Pigeon ya Tianjin. Yangu ilipoteza nembo yake kabla haijanifikia. Naitumia kwenda kufundisha fizikia Katuba na, siku za mapumziko, kwenda shambani upande wa Kafubu. Inanibeba mimi, inabeba majembe, inabeba mahindi, na naipenda.

Sasa hesabu kidogo, ile ambayo huwapa wanafunzi wangu somo la nyenzo linapofika. Chukua mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya pedali moja akipanda kilima. Urefu wa maniveli ni kama milimita 170. Ekseli, pale maniveli inapokaa, ina kipenyo cha milimita 16, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita 8. Gawanya 170 kwa 8, unapata zaidi ya 21. Basi uzito ule wa kilo 70 mguuni, ukifika kwenye uso wa ekseli, umekuwa nguvu ya karibu tani moja na nusu. Na nguvu hiyo yote inapokewa na kile kijisehemu bapa cha ekseli na ule ubavu wa klaveti, eneo ambalo ukucha wa kidole gumba unaweza kulifunika. Inakuja, inaondoka, inakuja tena, kila plato inapozunguka. Ndiyo maana kila nafasi ndogo iliyobaki kati ya nyuso hizo mbili hupanuka haraka hivyo.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawajalifikiria, hata mafundi wenye miaka mingi kazini. Plato imefungwa kwenye maniveli ya kulia. Mguu wa kulia ukikanyaga, nguvu inatoka kwenye maniveli na kwenda kwenye plato moja kwa moja. Haipiti kwenye klaveti wala haisokoti ekseli. Mguu wa kushoto ndio wenye safari ndefu: maniveli ya kushoto, klaveti ya kushoto, ekseli nzima kutoka upande hadi upande, klaveti ya kulia, maniveli ya kulia, ndipo plato. Kwa hiyo klaveti zote mbili zinabeba kazi ya mguu mmoja. Ukisikia tak mguu wa kushoto unaposhuka, hujathibitisha kwamba klaveti mbovu ni ya kushoto. Inaweza kabisa kuwa ya kulia. Watu wanabadilisha ya kushoto, wanabadilisha tena, na yenye kosa imekaa upande wa cheni, hakuna anayeishuku.

Jinsi ya kujua ni rahisi na haihitaji chombo. Shika maniveli mbili, moja kila mkono, jaribu kuzisokota moja dhidi ya nyingine, huku kidole gumba kikigusa mahali ekseli inapoingia kwenye maniveli. Ngozi ya kidole husikia mwendo ambao jicho halioni. Fanya hivyo kulia, fanya kushoto. Kisha sukuma maniveli ya kushoto kuelekea fremu na kuivuta nje: kama zote mbili zinayumba pamoja, basi ni goroli na vikombe vilivyolegea, si klaveti. Mwisho toa cheni kwenye plato na uzungushe pedali polepole kwa mkono, sikio karibu na fremu. Ukisikia kusagika kama mchanga kwenye meno, ujue ndani kumeshaharibika.

Yangu ilikuwa na yote mawili. Upande wa kulia ulicheza, na ndani mlisagika.

Nina fundi ninayemwamini, mzee mmoja wa Katuba mwenye meza yake ukutani mwa nyumba ya kona, na kwa kuwa ana nyundo nzito na mikono isiyotetemeka, kazi ya kung'oa tuliifanya pamoja. Hapa ndipo pedaliye nyingi zinapouawa. Mtu anaegemeza baiskeli ukutani, analegeza nati, anachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga: tak tak tak tak. Ncha ya klaveti inatanuka, nyuzi zake za kufungia nati zinalala, pini inapinda na kukwama. Kibaya zaidi, kila pigo linapita kwenye maniveli, linaingia kwenye ekseli, linafika kwenye goroli, na goroli zinachimba vishimo kwenye vikombe. Klaveti ilitoka, lakini vikombe vimekufa.

Mzee alikata kipande cha bomba la chuma kwa urefu kamili kutoka sakafuni hadi chini ya maniveli, kiasi kwamba baiskeli yenyewe ilikaa juu ya bomba hilo na kichwa cha klaveti kikaingia ndani ya tundu lake. Nati aliilegeza mpaka uso wake ukawa sawa na ncha ya pini, ili nyuzi zisitanuke. Siku iliyotangulia nilikuwa nimedondoshea mafuta mepesi pande zote mbili, yapenye usiku kucha.

«Prof, kamata ile tiyo muzuri,» akaniambia, yaani lile bomba. «Niko napiga mara moja tu.»

Akapiga mara moja, nyundo ya kilo mbili, kwa nguvu yake yote. Ya kulia ikashuka ndani ya bomba. Ya kushoto ilikataa, ikapinda, na hapo hakuna ubishi: unakata ncha, unatia alama katikati kwa msumari mgumu, unatoboa kwa keekee nyembamba kwanza, halafu nene, mpaka pini inabaki ganda na kutoka yenyewe. Siku hiyo umeme ulikatika, tukamalizia kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Vikombe navyo vina siri yao. Kwenye fremu ya Kiingereza kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume. Nimeona vijana wawili wakining'inia kwenye spana ndefu, wakikikaza kwa jasho wakidhani wanakilegeza. Kanuni ninayowapa watu ni hii: baiskeli ikiwa imesimama, upande wowote ule, ncha ya juu ya spana ikielekea gurudumu la mbele, kikombe kinalegea. Pedali ni kinyume chake: ncha ya juu ikielekea gurudumu la nyuma, pedali inalegea, kulia na kushoto. Sababu si ukaidi wa Waingereza. Goroli zinapobingirika kati ya ekseli na kikombe, zinakisukuma kikombe kidogo kidogo kwenda kinyume na mzunguko wa ekseli. Nyuzi zile zilichaguliwa ili msukumo huo ukaze. Waitaliano walitumia nyuzi za kawaida pande zote mbili, na kikombe chao cha kulia kina tabia ya kulegea.

Tulipofungua, ilitoka tope nyekundu iliyochanganyika na grisi nyeusi. Sikushangaa. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na pedaliye ndiyo sehemu ya chini kabisa ya fremu. Maji yanaingia kwenye bomba la kiti, yanashuka, yanatulia pale pale. Kiangazi vumbi la udongo mwekundu linamalizia kazi, kwa maana ndani yake mna chembe za mchanga mgumu zinazosaga chuma taratibu. Goroli zilikuwa za kijivu, zimepoteza mng'ao wote. Kwenye vikombe, njia ya goroli ilikuwa imejaa vishimo.

Lakini kilichonivutia zaidi kilikuwa ekseli. Niliisafisha kwa petroli, nikaiinua kwenye mwanga, nikapitisha kucha juu ya sehemu bapa ya upande wa kulia. Kucha ikakwama katikati. Kulikuwa na ngazi, nyembamba sana, lakini ngazi. Klaveti zilizopita, moja baada ya nyingine, zikikaa vibaya na kucheza, zilikuwa zimekula upande mmoja wa ule ubapa na kuacha mwingine.

Hapo ndipo penye jibu la swali la klaveti zisizokwisha. Klaveti mpya ina ubavu ulionyooka. Ukiilaza juu ya uso wenye ngazi, haigusi kote. Inagusa kwenye kona moja au mbili. Ile tani moja na nusu yote inakaa kwenye kona hizo, kona zinapondeka, nafasi inafunguka, tak inarudi. Unaweza kununua klaveti bora kuliko zote sokoni; juu ya ekseli ile haitadumu. Mzee akaigeuza geuza mkononi, akasema, «Prof, hii ekse ilishakufa zamani. Tulikuwa tunaizika kila mwezi na inafufuka.» Tundu la maniveli ya kulia nalo lilikuwa limetanuka. Tukakubaliana: ekseli, vikombe, goroli, maniveli mbili pamoja na plato yake, klaveti. Vyote kwa mara moja. Kuweka kikombe kipya na goroli kuukuu, au ekseli mpya ndani ya vikombe vyenye vishimo, ni kulipa bei nzima kwa nusu ya kazi.

Kabla ya kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nilipima, na nawasihi mpime. Upana wa bomba la pedaliye kwenye fremu yangu ni milimita 68. Nyuzi za kikombe nilizihesabu kwa rula: 12 katika nusu inchi, yaani 24 kwa inchi, kipimo cha kawaida cha Kiingereza chenye kipenyo cha inchi 1.37. Ni muhimu kwa sababu Raleigh wa zamani walikuwa na nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi, na bomba pana zaidi. Kikombe cha 24 kitaingia kwenye fremu ya 26 mzunguko mmoja, labda miwili, halafu kitakaza. Hapo mwenye haraka anaongeza nguvu na kuharibu fremu milele. Baiskeli kuukuu za Kifaransa zinazofika kwetu zina kipimo kingine tena, milimita 35, nyuzi za kawaida pande zote. Kanuni yangu: kikombe kiingie kwa vidole mizunguko mitatu kamili. Kikikataa, ni cha fremu nyingine, rudisha.

Beba ekseli ya zamani mkononi, uilaze kando ya mpya. Linganisha umbali kati ya njia mbili za goroli, na uangalie kwamba upande wa kulia una mkia mrefu kidogo kuliko wa kushoto, maana ndiko plato inakaa. Na mwombe muuzaji ruhusa ya kujaribu tupa ndogo ya kuchongea chuma kwenye ukingo wa nje wa kikombe. Chuma kilichogumishwa vizuri, tupa inateleza. Ikiuma na kutoa unga, kikombe hicho ni laini na kitachimbika kabla ya mvua kwisha. Kuna wauzaji wanaokunja uso; kuna waliokubali na kisha wakataka kuona wenyewe. Goroli ni za robo inchi, 11 kila upande, 22 jumla, zote kutoka pakiti moja. Kama seti inakuja na goroli zilizofungwa kwenye kikapu cha bati, nakitoa kikapu na kujaza goroli huru, kwa sababu zinaingia nyingi zaidi na mzigo unagawanyika.

Klaveti zinauzwa kwa vipenyo viwili vinavyofanana machoni: milimita 9.5 na milimita 9. Ya 9 inaingia kwenye tundu la 9.5 kwa raha, na raha hiyo ndiyo hatari. Nusu milimita ya uwazi, kwa nguvu tulizohesabu, ni nyingi mno.

Mdogo wangu, ambaye anafuata sana mambo ya baiskeli za kisasa, alinishauri niachane na haya yote. «Yaya, weka pedaliye ya kare. Utasahau kabisa klaveti.» Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na kare ni mraba. Nilimsikiliza, maana si ushauri wa kipuuzi. Ekseli yenye ncha za mraba haikuzaliwa jana. Stronglight wa Saint-Étienne, Ufaransa, waliingiza maniveli za namna hiyo sokoni mwaka 1933. Leo zinauzwa zikiwa zimefungwa nzima kama kopo moja, goroli ndani, muhuri pande zote, na fremu yangu ya milimita 68 na nyuzi 24 ingeipokea bila shida. Dhidi ya tope letu, kopo lililofungwa linashinda vikombe vya wazi. Hilo nalikubali bila kinyongo, na kwa mtu anayekaa mjini, mwenye fundi mwenye vyombo, ningemwambia aweke.

Ila mimi natazama barabara ninayopita. Kuitoa maniveli ya mraba kunahitaji chombo maalumu cha kuing'oa, chenye nyuzi za milimita 22, na kwenye meza nyingi za mafundi wa Katuba, Ruashi au njia ya Kipushi sijakiona. Kulifungua kopo lenyewe kunahitaji chombo kingine cha meno. Bolti ikilegea njiani na ukaendelea kukanyaga, tundu la mraba kwenye maniveli ya alumini linapoteza kona zake, na hiyo maniveli haina matibabu. Maniveli ya chuma yenye klaveti, hata ikiharibikia mbali, mtu mwenye nyundo, tupa na kipande cha bomba anaweza kukufikisha nyumbani. Nikabaki na klaveti, na nimebaki nayo kwa kuichagua.

Kuunganisha vikombe sitasema mengi. Safisha nyuzi za fremu kwa brashi, paka grisi, kaza cha kulia mpaka kisisogee tena. Grisi iwe ile ya beringi za magari, kwa wingi. Mafuta ya kupikia, hata mawese mazuri namna gani, hukauka na kunata. Goroli zinajishika zenyewe ndani ya grisi unapopitisha ekseli. Kati ya vikombe viwili, kuizunguka ekseli, nilivingirisha karatasi ya plastiki iliyokatwa kwenye kopo la mafuta ya injini, ili tope linaloshuka kutoka bomba la kiti lisizifikie goroli. Chini kabisa ya bomba la pedaliye tulitoboa tundu la milimita 3, maji yapate pa kutokea. Kuna wanaosema kutoboa fremu ni dhambi. Mimi naona kuyafungia maji ndani ni kosa kubwa zaidi. Kikombe cha kushoto ukikikaza mpaka ekseli iwe nzito kidogo tu, pete yake ya nje ukiikaza itakivuta nje kiasi, na ekseli itakaa huru bila kucheza. Ukikosea, rudia. Hapa uvumilivu unalipwa.

Sasa tuje kwenye tupa. Kama kuna sehemu moja tu ya kukumbuka katika yote niliyoandika, iwe hii.

Klaveti haitoki dukani ikiwa tayari kwa ekseli yako. Ubavu wake una mshazari wa makadirio, na mara nyingi una alama za mashine zilizovuka kama matuta madogo. Wengi wanaipigilia hivyo hivyo. Sisi tuliibana kwenye jiliwa, ubavu juu, tukachukua tupa bapa ndefu yenye meno laini. Tupa inakwenda mbele kwa mikono miwili, imelala sawa, bila kuyumba kulia na kushoto, ikirudi inainuliwa. Ukiyumba, ubavu unakuwa mgongo wa mviringo, na mgongo wa mviringo unagusa mstari mmoja tu. Baada ya kupitisha mara chache, tukapaka ubapa wa ekseli masizi ya taa yaliyochanganywa na tone la mafuta, tukaingiza klaveti kwa mkono ndani ya maniveli, tukaisukuma kidogo, tukaitoa. Ubavu ukatoka na doa jeusi kwenye kona ya juu peke yake. Pale penye doa ndipo panapogusa. Pengine pote palikuwa hewa.

Tukapiga tupa kwenye doa, tukapaka tena, tukaingiza tena. Doa likawa mawili. Kisha likaanza kusambaa. Mzee alikuwa ameacha wateja wake wakae kwenye benchi, na mmoja wao, kijana wa makala mwenye kofia ya sufu, alisogea akaanza kutushikia taa. Doa liliposambaa ubavu mzima, rangi moja kutoka juu hadi chini, mzee aliinua klaveti ile karibu na jicho na kunyamaza. Halafu akaniomba ya pili aichonge yeye.

Zote mbili zichongwe kiasi kimoja. Na zielekezwe namna moja, kila moja ukiitazama kwa maniveli yake, kiasi kwamba nati ya kulia ikitazama juu, ya kushoto inatazama chini. Ukikosea hapo, maniveli hazitakaa katika mstari mmoja na magoti yako yatajua kabla ya macho. Klaveti iliyochongwa vizuri inaingia mpaka nyuzi zinatokeza za kutosha nati na washa, na kichwa chake bado kiko nje, kwa sababu itaendelea kuzama kidogo siku za mwanzo na inahitaji nafasi hiyo.

Kuiingiza, hatukuigonga ikiwa imening'inia. Jiliwa kubwa la mchomeleaji wa jirani lilitosha: taya moja kwenye kichwa cha klaveti, taya nyingine kwenye kipande kifupi cha bomba kilichozunguka upande wa nyuzi, na mchomeleaji akakaza polepole kwa mkono mrefu. Chuma kilitoa mlio mfupi kikakaa. Nati tukaikaza mwisho, kwa kiasi tu. Nati haivuti klaveti. Kazi yake ni kuizuia isirudi. Anayeitumia kuvuta atakata nyuzi, kwa kuwa ni nyembamba.

Baada ya kwenda shambani na kurudi mara kadhaa niliirudisha kwenye jiliwa. Klaveti zilizama tena, kwa upana wa uzi wa nguo hivi, nati ikapata nusu mzunguko. Baada ya hapo hazijasogea. Hakuna tak, mvua nzima imepita. Plato mpya ina meno 44 badala ya 48 ya zamani, jambo ambalo nililitaka kwa ajili ya mizigo, na cheni ikabidi ikatwe pingili.

Wanaonishughulisha moyo ni wale wa makala. Wanaanza njia ya Kasenga gizani, magunia yamepangwa juu na kando, wakiisukuma baiskeli kwa miguu hadi mjini, kisha wanapanda wakirudi bila mzigo. Baiskeli ikianguka na mzigo juu ya pedali, maniveli inapinda au ekseli inapinda. Mtu huyu hawezi kuiacha baiskeli kwa fundi siku mbili, maana siku mbili bila baiskeli ni siku mbili bila chakula nyumbani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kuchonga na masizi, mzuri ulivyo, haumfai kama lazima asubiri. Mzee ameshapata njia. Alikata kipande cha ekseli mpya chenye ubapa mzuri, akakichomelea kwenye pembe ya meza yake pamoja na kichwa cha maniveli, na jioni wateja wakiisha anachonga klaveti jozi jozi kwa kipimo kile, anazifunga kwa waya mbili mbili. Kijana akifika asubuhi na ekseli nzima, anapewa jozi iliyo karibu tayari, inabaki kupitisha tupa mara chache. Akifika na ekseli yenye ngazi, mzee anampitisha kucha yake mwenyewe juu ya ngazi hiyo aisikie, ndipo wanazungumza bei ya seti.

Kwa wauzaji wa vipuri wa soko la Kenya ninaowajua wanasoma hapa, nina maombi mawili. Tenganisheni klaveti za 9 na za 9.5 katika makopo tofauti, na muandike kipimo kwenye kopo. Na leteni ekseli peke yake, bila kumlazimisha mtu kununua vikombe kama vyake bado vinapitisha tupa ikiteleza. Mzee anachukua za 9.5, jozi ishirini kwa kuanzia, na pesa iko tayari.